Nukta Mahali pa Msomaji

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kwenye mkutano wa watumiaji wa programu ya takwimu, mkutano ambao sikualikwa. Naandika sasa hivi kabla sijaosha uso, kwa sababu ndoto zangu huwa hazikai.

Aliyealikwa ni Mbazi, mdogo wangu. Mbazi alikuwa mwandishi wa programu katika mradi mmoja wa afya hapa wilayani, na mimi katika mradi huohuo ni mdadisi: napita nyumba kwa nyumba na dodoso, nauliza, naandika majibu. Mimi nilikuwa nakusanya, yeye anahesabu. Mwezi wa tatu aliugua siku nne, ya tano tukamzika. Mada yake ilikuwa imeshakubaliwa kusomwa Morogoro.

Jumanne wiki hii msimamizi wetu, Bwana Mrutu, alinipigia simu.

"Dada Nakijwa, wale wa mkutano wanauliza nani atasoma mada ya marehemu. Wanataka jina kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Bila jina wanaifuta kwenye ratiba."

"Si usome wewe?"

"Mimi nina mada yangu saa hiyohiyo, mkondo mwingine. Siwezi kugawanyika."

"Bwana Mrutu, mimi nimeishia kidato cha nne. Tena daraja la nne."

"Sijakuuliza cheti, dada. Nimekuuliza jina."

Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri. Nilifua mashuka yote ya nyumba, hata yaliyokuwa safi. Ikafika Alhamisi, nikalala.

Basi niko kwenye foleni ya kuandikishwa. Hoteli ni nzuri, ina mazulia, lakini korido yake ni ile ya sekondari niliyosoma, na ukutani bado pameandikwa USIKIMBIE. Nyuma ya meza ameketi mashine ya kuchapa karatasi, mnene, amejifunga kilemba. Watu wote wanamwamkia, nami namwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Jina?"

"Nakijwa Msuya."

"Umri?"

"Arobaini na sita."

"Elimu?"

"Kidato cha nne."

"Ndugu wa tumbo moja, wangapi?"

Swali hilo nimeuliza katika kaya zaidi ya elfu mbili. Mimi mwenyewe sijawahi kuulizwa.

"Alikuwepo mmoja," nasema.

"Sikuuliza nani alikuwepo. Moja au sifuri? Nyuma yako kuna watu."

"Moja ni uongo. Sifuri nayo ni uongo."

"Basi ni nukta," anasema mashine, wala hakasiriki. Ananguruma kidogo, anatema kitambulisho cha kuvaa shingoni. Jina langu limo, umri umo, elimu imo, na mahali pa ndugu pana nukta moja nyeusi, ndogo kama punje ya ulezi.

Nakivaa. Sijapiga hatua tatu, Nukta anakohoa.

"Usinisugue na kanga," anasema. "Wengi wakiniona wanadhani ni uchafu."

"Samahani."

"Na usije ukaniita sifuri. Sifuri amehesabiwa, akakutwa hana kitu. Mimi sijahesabiwa bado. Ni tofauti kubwa, ingawa watu hawaioni."

Namwambia mimi ni mdadisi, tofauti hiyo naijua. Anafurahi mpaka anang'aa. Anasema amepita shingo nyingi na hajawahi kukutana na mtu wa kazi.

Ukutani pamebandikwa ratiba. Mikondo ni minne, A, B, C na D, kama ilivyokuwa shuleni. Natafuta jina la Mbazi. Nalikuta chini kabisa, nje ya jedwali, limeandikwa kwa chaki: *Watoto Wenye Mvi. Mwandishi, Mbazi Msuya. Msomaji,* halafu nukta.

"Yule pale ni wewe?" namwuliza aliye shingoni.

"Ni mimi. Kila penye pengo ni mimi. Nafanya kazi sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na likizo sijawahi kupewa."

"Mbona mada haina mkondo?"

"Mada yenye mimi kwenye safu ya msomaji haipangiwi. Inazurura. Saa kumi kamili Dasta anapita na kufuta kila mstari wenye mimi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa nane na nusu. Lakini saa ya hapa haina adabu."

Basi nikaanza kuitafuta mada ya mdogo wangu. Sikuwa na nia ya kuisoma. Nilitaka tu kuiona kabla haijafutwa, kama mtu anavyokwenda kuaga stendi.

Mkondo A ni wa wanaoanza. Nafungua mlango, namkuta bwana mmoja mbele, tai imemlegea, anazungumza bila kuvuta pumzi. Wasikilizaji wameota ukungu mabegani. Kando yake mwanamke ameshika chupa ya chai.

"Ni mume wangu," ananiambia. "Alianza mkutano wa mwaka jana. Hapa kila sentensi lazima uifunge kwa nukta-mkato, la sivyo haiishi. Yeye ya kwanza tu hakuifunga."

"Si umwekee wewe?"

"Niweke wapi, dada? Hapumui. Namvizia mwaka mzima."

"Pole."

"Nimeshapoa. Nyumbani alikuwa hivihivi."

Nafunga mlango taratibu.

Mkondo B ni wa kusafisha takwimu. Ni uani, kuna mabeseni, sabuni ya mche na kamba za kuanikia. Wanawake wanafua namba. Mmoja anakamua nane mpaka zinatoka sifuri mbili, anazianika kila moja na kibanio chake. Mwingine ananionyesha umri alioletewa ukiwa na tope: mia tisa themanini na nne. Kausugua kwenye jiwe, akakuta ni themanini na nne tu, tisa ilikuwa imeganda tu.

"Mada ya Mbazi Msuya mmeiona?" nauliza.

"Ile ya yule kijana mpole? Imepita hapa asubuhi, tukaiambia ivue tuifue. Ikasema yenyewe ni safi, shida iko kwa watoto. Ikaenda kwa watoto."

"Watoto gani?"

"Mkondo C. Walio chini ya miaka mitano."

Mlango wa Mkondo C ni mfupi, naingia nimeinama. Ndani kuna vikalio vidogo vya rangi, vikombe vya uji, na mizani ile ya kumning'iniza mtoto. Katika vikalio wameketi wazee kumi na tisa. Wote nawajua. Ni wa kitongoji cha Mkanyeni, nilipita kwao mwaka jana, nyumba baada ya nyumba. Magoti yao yamefika masikioni.

"Shikamooni," nasema.

"Marahaba," wanaitikia, na mmoja anafuta uji kwenye ndevu. Ni Mzee Kajiru. "Afadhali umekuja. Nimepimwa mkono kwa utepe mara tatu. Wanasema naendelea vizuri, nitaota meno karibuni."

"Mwambie yote," anasema Bibi Nanzia kutoka kikalio cha pili. "Mwambie jana ulilia."

"Nililia kwa sababu uji ulikuwa wa moto."

"Ulilia kwa sababu nilipewa mimi kwanza."

Mzee Kajiru anageukia upande wa pili. Bibi Nanzia ananitazama mimi.

"Na wewe, mwanangu, ndiye uliyetuleta humu."

"Bibi, nilikuuliza mwaka wa kuzaliwa, ukasema huujui."

"Nilikwambia nilizaliwa mwaka wa nzige. Nzige huwajui?"

"Dodoso halina nzige, bibi. Lina nafasi ya namba."

"Basi lina kasoro."

Hapo Nukta anajikunja shingoni kwangu. Anasema kwa sauti ndogo, "Kosa ni langu, wazee wangu. Asipojua mtu umri wake, mimi ndiye nawekwa pale. Na katika programu hii mimi ni mdogo kuliko namba zote. Mtu akiiamuru mashine, nipe walio chini ya miaka mitano, mimi natangulia, na yeyote ambaye nimekaa mahali pa umri wake natangulia naye. Sikuomba. Ndivyo nilivyoumbwa."

Mzee Kajiru ananyoosha kidole.

"Kwa hiyo mimi, na mvi hizi, ni mdogo kuliko kitukuu changu?"

"Kwa sheria, ndiyo."

"Nikimkuta njiani?"

"Unampa shikamoo."

Mzee anaweka chini kikombe chake cha uji. "Hilo halitawezekana," anasema. "Ana dharau tangu hajapewa."

Ndipo naiona mada. Imeketi katikati yao, kurasa kumi na moja zilizobanwa kwa pini, miguu imeilaza pembeni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

"Shikamoo dada," inasema.

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Wamenikata. Ikisiri isizidi maneno mia mbili na hamsini."

"Na hawa wazee unakaa nao kwa nini?"

"Si ndio walio ndani yangu? Mimi nimeandikwa ili watolewe humu. Nikisomwa mbele ya watu, kila mwenye programu kama ile ataambiwa aitazame nukta kwanza kabla ya kuhesabu watoto. Nisiposomwa, hawa watakunywa uji. Na wengine wataletwa."

Nje, mbali kidogo, nasikia mtu anakohoa vumbi la chaki na kusema, "Samahani. Samahani. Samahani."

"Dasta huyo," anasema Nukta. "Ameanza na Mkondo A."

Wazee kumi na tisa wananitazama. Wananitazama vile ninavyotazamwa nikifika kwenye nyumba yenye msiba na dodoso mkononi, watu wakingoja nione haya mwenyewe.

"Mimi siwezi," nasema. "Kule ukumbini kuna madaktari wa takwimu. Mimi ni wa kidato cha nne."

"Ulipokuja kwangu," anasema Bibi Nanzia, "mvua ilikuwa inanyesha. Ukasimama mlangoni saa nzima, ukaniuliza mpaka idadi ya kuku. Ukaniuliza choo changu kina mfuniko au hakina. Hukuona haya. Leo ndiyo haya imekuja?"

"Ile ilikuwa kazi, bibi."

"Na hii ni nini? Ngoma?"

Wazee wanacheka, mmoja uji unamtoka puani, anapigwa mgongoni na mwenzake kama mtoto hasa. Mada haicheki. Inasema, "Kama huniamini mimi, nenda kamwulize mwenyewe. Yuko Mkondo D, wanaunganisha mafaili."

Sikuuliza mwenyewe ni nani.

Mkondo D ni uwanja wa mpira. Kwenye mlingoti wa goli wamefunga kipaza sauti, na kipaza sauti kinatoa amri chenyewe. "Pangeni kwanza! Pangeni kwa namba ya kaya! Faili lisilopangwa haliunganishwi!"

Kuna mistari miwili ya watu. Mmoja ni faili la mwaka jana, mwingine ni faili la mwaka huu. Kila mmoja anatafuta nafasi yake.

"Mama, sogea, 0415 ni mimi."

"Onyesha kitambulisho."

"Hiki hapa."

"Hii moja au saba? Mwandiko gani huu?"

"Kamwulize mdadisi wako!"

Nainamisha uso. Mwandiko ni wangu. Namsaidia yule mama kuisoma, ni saba, mwenye kitambulisho anakwenda nyuma akilalamika. Nami nasimama kwenye nafasi yangu katika faili la mwaka huu. Kaya yetu ni 0417. Tulihojiwa na mdadisi mwenzangu, maana mtu haruhusiwi kujihoji.

Mistari inaanza kwenda. Ikifika namba, wa mwaka jana na wa mwaka huu wanasogea, bega kwa bega, wanakuwa mstari mmoja. Wakipatana wanapita. Kaya iliyohama, upande mmoja unajazwa nukta, na wale waliobaki wanapita hivyohivyo, nusu watu, nusu nukta. Hakuna anayeshangaa. Ndivyo inavyofanyika kazini kila mwaka.

"0417!" kinaita kipaza sauti.

Nasogea. Kutoka faili la mwaka jana anasogea Mbazi.

Amevaa sweta yake ya kijivu, kalamu iko sikioni. Bega lake linagusa langu. Ana joto la kawaida.

"Umechelewa, dada."

"Kulikuwa na foleni."

"Na umevaa kanga ya msibani."

"Ndiyo iliyokuwa karibu."

"Miezi saba iko karibu?"

Nilitaka kumwuliza kama siku zile nne aliumia sana. Badala yake namwuliza kama amekula.

"Nimekula," anasema. "Nani anasoma mada yangu?"

"Nukta."

"Yule? Hawezi, ana aibu."

"Ni kweli," anasema Nukta.

"Mbazi, mimi programu siijui. Yale maandishi yako sielewi hata mstari mmoja."

"Mmoja unauelewa. Wa themanini na tisa. Una nyota mbele. Mstari wenye nyota mashine inauruka, haiusomi kabisa. Ile huwa tunawaandikia watu."

"Umeandika nini?"

"Kausome."

"Niambie tu, mdogo wangu."

"Tangu lini nikakuandikia kitu halafu nikakusomea? Unataka nikutafunie na ugali?"

Namcheka. Anacheka na yeye, kwa pua, kama anavyocheka. Nageuka ili nimwone vizuri.

"0418!" kinaita kipaza sauti, na upande wangu wa kulia hakuna bega.

Sikulia. Kulia hakukuwemo kwenye ratiba.

"Saa kumi kasoro dakika mbili," anasema Nukta. "Nilikwambia saa ya hapa haina adabu."

Nakimbia. Ukuta unanikataza kwa herufi kubwa, nakimbia hivyohivyo. Dasta ameshafika kwenye ratiba. Ni mrefu, mweupe kichwa hadi kiatu, ana huzuni ya mtu anayefanya kazi asiyoipenda. Ameshakagua mada mbili. Mkono umefika juu ya jina la Mbazi.

"Samahani, dada," anasema. "Mstari huu una nukta. Binafsi sina neno nao, lakini ikigonga saa kumi mkono unakwenda wenyewe."

"Nipe chaki."

"Chaki ni ya wasomaji mada peke yao."

"Msomaji ni mimi."

Nalisikia neno hilo likitoka, nageuka kuona nani amelisema. Nyuma yangu hakuna mtu. Dasta anapapasa mfukoni, ananipa kipande cha chaki, kifupi kama jino.

Naweka chaki juu ya nukta.

"Andika tu," inasema nukta ya ratiba, kwa sauti ileile ya yule wa shingoni. "Usinionee huruma. Kila mahali nilipokaa nangoja hicho tu, mtu aje aandike juu yangu kitu cha kweli."

Naandika. *Nakijwa Msuya.* Kengele ya shule inagonga saa kumi. Mkono wa Dasta unashuka, unapita juu ya mstari, anausoma kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, anatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, anaendelea na mwingine.

"Na huyu wangu?" namwuliza, nikishika kitambulisho. "Huyu wa ndugu? Nimwandikie nini?"

"Huyo mwache," anasema Dasta. "Sina amri naye. Huyo hana haraka."

Nukta anatulia shingoni, mwepesi, kama anasinzia.

Mara niko ukumbini, mbele. Hakuna aliyenileta. Mstari wa mbele wameketi madaktari wa takwimu, kila mmoja na kompyuta mapajani, na kando yao bibi mwenye kadi nyekundu.

"Una dakika kumi na tano," anasema. "Zikiisha na wewe unaisha, kuanzia miguuni. Usikasirike, ndiyo taratibu."

Kurasa kumi na moja ziko mkononi mwangu. Nazitazama, sizielewi. Naziweka mezani. Naanza na ninachokijua.

"Waheshimiwa, mimi ni mdadisi," nasema. "Kitongoji cha Mkanyeni nimekipita kwa miguu, nyumba zote. Watoto wa chini ya miaka mitano ni ishirini na wawili. Majina yao naweza kuwatajia. Siku moja nilikuta kwenye jedwali la ofisi wameandikwa arobaini na mmoja. Nikamwambia mdogo wangu, hawa kumi na tisa hawapo. Akasema mashine haikosei kuhesabu. Nikamwambia, basi nipeleke nikawaone, maana ni watoto wa ajabu, wamezaliwa kijiji kizima hakijui."

Daktari mmoja anacheka. Mwingine anaacha kuchapa.

"Akakaa na hiyo programu siku mbili. Siku ya tatu akaniita, akanionyesha majina. Wa kwanza alikuwa Mzee Kajiru."

Mlango wa nyuma unafunguka. Wanaingia kwa mstari, wazee kumi na tisa, wamenyooka, na kila mmoja amebeba kikalio chake cha rangi kichwani. Bibi Nanzia anakitua kikalio chake miguuni pa daktari wa kwanza.

"Kalia," anamwambia. "Usikilize vizuri."

Daktari anakalia.

Naendelea. Nawaambia habari ya nukta, kwamba si sifuri, na kwamba si mtoto. Nawaambia, mtu asiyejua umri wake haimaanishi hana umri. Nawaambia waiulize nukta kwanza, kabla ya kuuliza nani yuko chini ya mitano. Kadi nyekundu inapanda. Nyayo zangu zinaanza kupotea, halafu vifundo, halafu magoti, wala siogopi, nina neno moja zaidi la kusema nalo ni jina la mdogo wangu, na nafungua mdomo.

Nikaamka. Shuka lilikuwa limeniacha, miguu iko nje, imekufa ganzi.

Kumepambazuka, Ijumaa. Nilikaa kitandani kidogo. Halafu nikainuka kwa miguu ile ile ya ganzi, nikafungua kabati, nikatoa bahasha ya kaki ambayo ofisi ilinikabidhi siku ya kumaliza matanga. Walisema ni karatasi za mezani kwake. Bahasha ilikuwa bado na gundi yake. Miezi saba sikuwahi kuichana, kwa sababu kitu ambacho hujakifungua bado kina mambo ya kukwambia.

Nikaichana. Ndani mlikuwa na programu yenyewe, imechapwa, kurasa sita. Mistari haikuwa na namba. Nilihesabu kwa kidole toka juu, nikapoteza hesabu kwenye sitini na kitu, nikaanza upya. Themanini na saba, siuelewi. Themanini na nane, siuelewi. Wa themanini na tisa ulikuwa na nyota mbele, halafu Kiswahili:

*\* Kosa hili sikuliona mimi. Aliliona dada Nakijwa, amesimama mlangoni, hajavua hata mabuti, tope limejaa sakafu yangu. Kwa swali lolote mwulizeni yeye, anajua kuliko mimi.*

Nilikuwa nimesahau mabuti. Alinigombeza kweli siku ile, akadeki mwenyewe.

Nilisoma mara nne. Halafu nikampigia Bwana Mrutu. Alipokea kwa sauti ya mtu ambaye bado hajanywa chai.

"Dada, heri? Kuna nini asubuhi hii?"

"Ni heri. Lile jina la msomaji wa mada, waandikie ni Nakijwa Msuya."

Nikamsikia anatafuta kalamu.

"Nimeandika," akasema. "Hapa wana nafasi ya elimu pia. Niiache wazi?"

"Usiache wazi," nikamwambia. "Andika kidato cha nne."